Propela ya spidi, pistoni iliyoungua na madumu 20 ya maji ya bahari

Boti yangu inatoka Sahare, hapa Tanga, alfajiri na barafu, inazunguka kwa wavuvi huko nje mpaka pande za Kigombe, jioni inarudi na samaki. Asubuhi nyepesi, jioni nzito. Ukilishika hilo umeshaelewa nusu ya haya ninayotaka kusema, maana kosa lote nililofanya lilianzia hapo, nilichagua propela ya boti ya asubuhi wakati pesa yangu inakuja na boti ya jioni.

Ni faiba ya mita 7, mashine Yamaha ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya oili na petroli. Nahodha ni mdogo wangu, tumezaliwa baba mmoja mama mmoja, mimi ndio mwenye chombo na ndio nauza samaki. Niliponunua ile boti ilikuja na propela kuukuu, mapanga yake yameliwaliwa pembeni kama mkate ulioguguniwa na panya, ikawa inatetemeka mpaka unasikia kwenye meno. Nikasema hapana, nanunua mpya. Nikaenda duka moja mjini, kijana pale akaniuliza mashine gani, nikamwambia 40, akanitolea propela tatu zote zinaingia kwenye shafti yangu, nikauliza ipi nzuri, akashika moja akasema dada chukua hii, hii ndio ya spidi. Nikalipa. Hakuniuliza boti yangu inabeba nini na mimi sikuwa najua kwamba hilo ndio swali lenyewe.

Siku ya kwanza kwa kweli tulifurahi. Boti tupu, watu wawili, bahari imelala, ilipaa. Mdogo wangu akanipigia simu kutoka karibu na Ulenge anapiga kelele za furaha. Jioni ile ile wakarudi na mzigo saa moja na nusu usiku wakati kawaida wanafika kabla ya magharibi. Akaniambia dada boti imekataa kunyanyuka, pua iko juu, tezi, yani nyuma, imekaa kwenye maji, unafungua mafuta mpaka mwisho mashine inaguna tu haipigi kelele yake ile ya kawaida. Tukadhani plagi. Tukabadilisha plagi. Tukadhani petroli chafu, tukachuja. Ikaendelea hivyo wiki karibu sita, safari iliyokuwa inakula dumu moja la lita 20 ikawa inakula dumu moja na nusu, na mimi naandika tu kwenye daftari petroli petroli petroli bila kujua naandika ugonjwa.

Mwezi wa saba, upepo wa kusi umechachamaa, wakiwa wanarudi na mzigo mashine ikafifia, ikalia kama bati linakwaruzwa, ikazima. Kamba ya kuwashia ukivuta haiji. Walivutwa na ngalawa mpaka Mwarongo, Mungu awalipe wale vijana, tanga lao ndio lililowaleta watu wangu nyumbani.

Sasa fundi. Kuna mzee pale Deep Sea ambaye mashine za boti amezishika tangu kabla mimi sijaolewa, sitamtaja jina maana hapendi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, kaa." Akafungua kichwa, akatoa pistoni akaniwekea mkononi. Upande mmoja imekwanguka wima wima, mistari kama imepigwa msasa, na juu imeungua imekuwa na vidoti. Akaniuliza kwanza oili mnachanganya vipi, nikamwambia 50 kwa 1, lita 20 za petroli na nusu lita kasoro kidogo ya oili, yani mililita 400, akasema sawa. Maji ya kupozea yanatoka? Yanatoka. Akanyamaza. Halafu hakuangalia tena mashine, akainama akaangalia propela, akafuta kwa dole gumba pale kwenye kitovu chake akasoma, akaniita. "Mwanangu, nani kakuuzia 13?"

Imeandikwa pale kwenye chuma chenyewe, 11 1/8 x 13 - G. Mimi nimeiona ile namba wiki zote zile nikadhani ni namba ya kiwanda tu. Sio. Ile namba ya kwanza ni kipenyo, upana wa lile duara propela inalochora ikizunguka, kwa inchi. Namba ya pili ndio pichi. Herufi ya mwisho kwenye Yamaha inakwambia ni ya aina ipi ya shafti, G kwa mashine kama yangu, J kwa zile za 15, usinunue bila kuitazama maana propela ya J na ya G hazibadilishani hata ukilia.

Pichi mzee alinieleza kwa skrubu. Akachukua skrubu mbili za mbao, moja nyuzi zake zimebanana, nyingine nyuzi zimeachana, akasema zungusha hizi zote mara moja, ipi itaingia ndani zaidi? Iliyoachana. Ipi itakuumiza mkono? Hiyo hiyo iliyoachana. Basi maji ndio mbao, propela ndio skrubu, pichi 13 maana yake ikizunguka duru moja kamili inataka kusogea mbele inchi 13, kama maji yangekuwa mbao kweli. Pichi 10 inataka inchi 10. Hapa Tanga sisi watu wa baiskeli, kwahiyo akaniambia pia kwa baiskeli, beba gunia la nazi kwenye keria halafu pandisha kilima na gia nzito, utakanyaga kwa nguvu zote na pedali haizunguki, magoti ndio yanaumia. Pistoni yako, akasema, ni yale magoti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine ya boti haipaswi tu kutoa nguvu, inapaswa kuzunguka. Kwenye kitabu cha mashine yangu imeandikwa ukifungua mafuta mpaka mwisho izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika huko wakati umefungua yote, ujue propela ni nzito kwake, unaishindilia petroli na haizunguki, joto linajaa mle ndani, moto unalipuka kabla ya wakati wake, masizi yanashika, mwisho wake ni ile pistoni. Na ikipita huko, yani ikienda 5,800 au 6,000, propela ni nyepesi mno, mashine inazunguka kama imetolewa mzigo, nayo inajiua kwa njia nyingine. Kwahiyo propela nzuri sio ya spidi wala sio ya nguvu. Propela nzuri ni ile inayoifikisha mashine YAKO kwenye mizunguko yake, na boti YAKO, na mzigo UNAOBEBA. Mtu akikwambia yeye anatumia 12 na anaipenda, mwambie hongera, halafu muulize anabeba nini.

Nikamuuliza sasa nitajuaje inazunguka mara ngapi, mashine yenyewe haina mita. Akatoa kwenye boksi lake kidude kidogo kama saa ya mkononi, kina waya mmoja mrefu. Unauzungushia ule waya kwenye waya wa plagi, mizunguko minne mitano, unaufunga na tepu, kinasoma cheche. Kuna sehemu ya kuweka mashine yako inapiga cheche mara ngapi kwa duru moja, ukikosea hapo kitakusomea nusu au mara mbili, kwahiyo soma karatasi yake kwanza. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na nilicholipa kwa ile pistoni na kuchonga silinda, ndogo sana, mpaka leo inaniuma.

Mashine ilipopona tukafanya jaribio, na hili jaribio ndio ninalotaka kila mwenye boti alifanye. Hatukutaka kupoteza barafu wala samaki, tukaazima madumu 20 ya lita 20 kwa majirani, tukayajaza maji ya bahari pale pale ufukweni, kila dumu kilo 20 na ushee, jumla kilo 400 na kidogo. Tukayapanga pale pale tunapopanga masanduku ya samaki, sio popote. Watu watano ndani kama safari ya kweli, mimi mmoja wao, nimekaa nyuma nimeshika kile kidude na simu ya kupima spidi. Petroli imejaa. Tukasubiri maji yamesimama, siku ya maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, sio bamvua, maana mkondo ukiwa unakimbia utapima mkondo badala ya boti. Tukaenda kati ya Sahare na kisiwa cha Toten, kwenda na kurudi, ukipata namba mbili unachukua ya katikati.

Na ile 13: mzigo wote, mafuta mpaka mwisho, 3,600. Kilometa 15 kwa saa. Pua juu, siwaoni walio mbele, nyuma yetu wimbi kubwa tunalivuta kama tunavuta nyumba.

Mzee alikuwa ametuazima ya pichi 11, ile ya kipenyo 11 5/8. Tukarudi ufukweni tukabadilisha, tukatoka tena. 4,400, kilometa 26. Boti ilinyanyuka! Nilisikia kabisa pale ilipotoka kwenye lile shimo lake la maji, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango na mlango ukafunguka.

Halafu 10, ile ya 11 3/4. 4,650, kilometa 27.

Angalia vizuri hizo namba. Propela ya pichi ndogo imeenda kasi kuliko ya pichi kubwa, kwa mzigo ule ule na mashine ile ile. Kawaida kila inchi moja ya pichi ukipunguza mizunguko inapanda kama 150 mpaka 200, lakini hapa kutoka 13 kwenda 11 ilipanda 800 kwa sababu boti ilitoka kwenye kujiburuza ikakaa juu ya maji, mzigo wa mashine ukapungua ghafla. Kutoka 11 kwenda 10 ilipanda 250, ndio ikakaribia kawaida, pamoja na kwamba kipenyo nacho kimeongezeka kidogo.

Tukamwaga maji ya madumu tukajaribu 10 ikiwa tupu, maana hilo nalo ni lazima, usije ukaiponya jioni ukaiua asubuhi. 5,200, kilometa 34. Haijapita 5,500, tuko salama. Ile 13 ikiwa tupu ilikuwa inafika kilometa 39, kwahiyo yule kijana wa dukani hakudanganya, ilikuwa kweli ya spidi. Nimepoteza kilometa tano za asubuhi nikapata kumi na mbili za jioni na mashine hai. 11 ingekuwa ya mtu anayebeba nusu ya mzigo wangu, kwangu mimi imekosa mizunguko 100 tu kufika 4,500 lakini nikawaza msimu wa kusi, mkondo wa huku kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na kusi ikivuma unazidi nguvu, kwahiyo sisi tukitoka Tanga kwenda upande wa Kigombe au Pangani tunaupanda mkondo na upepo uko usoni. Nikachukua 10.

Kama unapenda hesabu, iko hivi. Gia za mle chini zinapunguza, mashine kama yangu ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja. 4,650 gawa kwa 2 ni 2,325, zidisha kwa inchi 10, unapata inchi 23,250 kwa dakika, ambazo ni karibu mita 590, kwa saa ni kilometa 35 na kidogo. Sisi tulipata 27. Hizo nane zilizopotea ni kuteleza, maji sio mbao. Kuteleza kwa robo hivi kwa boti yenye mzigo ni jambo la kawaida, lakini na ile 13 hesabu inasema kilometa 35 vile vile, na sisi tulipata 15! Zaidi ya nusu ya petroli yangu ilikuwa inakoroga bahari. Wiki sita.

Watu wa mbao na dagaa mambo yenu ni mengine kidogo. Chombo cha mbao kizito chenye mashine ya 15, kinachobeba nyavu zimelowa na taa na watu kumi, hakitanyanyuka juu ya maji hata ukiomba dua, kwahiyo usikipe pichi ya kukinyanyua, kipe pichi ndogo, kwenye zile za kipenyo 9 1/4 ziko za pichi 8 na 9, kisukume kwa utulivu. Ngalawa nayo ni nyembamba na nyepesi, inakubali kubwa zaidi kwa mashine hiyo hiyo. Namba zenu mtazipata kwa kidude kile kile na waya ule ule.

Kuhusu mapanga manne badala ya matatu, nimejaribu kwa mtu, inashika maji vizuri kwenye mawimbi na inanyanyuka mapema, ila inapunguza mizunguko, kwahiyo ukitoka matatu kwenda manne kwa kawaida shuka inchi moja ya pichi. Sikuona kwangu sababu ya kulipa zaidi.

Alumini au stenlesi hapa nina msimamo na sitautoa. Stenlesi ni nyembamba, ngumu, haipindi, inakwenda vizuri zaidi, yote kweli. Lakini sisi tunapita juu ya matumbawe, maji ya bamvua yakitoka hapa kwetu yanashuka zaidi ya mita tatu, fungu uliloelea juu yake asubuhi mchana liko wazi watu wanaokota chaza. Ukigonga mwamba na alumini, panga linavunjika na kile kishindo kinaishia pale. Ukigonga na stenlesi panga linabaki zima na kishindo kinapanda kwenye shafti kinakwenda kutafuta gia. Kuna jirani yangu hapa imemtokea, propela yake inang'aa mpaka leo iko sebuleni kwake, gia boksi ndio hana. Mimi alumini, na ya akiba ndani ya boti.

Halafu kuna lile la raba, na hili linawachanganya wengi wanadhani wana propela mbaya. Ndani ya propela, kati ya mapanga na kile kibomba chenye meno kinachokaa kwenye shafti, kuna raba imebanwa kwa nguvu. Kazi yake ni kuteleza ukigonga kitu, ili kuokoa gia. Ikishazeeka au ikishagonga sana inaanza kuteleza hata hujagonga chochote. Dalili yake, ukiongeza mafuta taratibu inakwenda, ukifungua kwa nguvu mashine inapiga kelele na boti haiendi. Mzee alinionyesha namna ya kuipima bila kufungua kitu. Alichukua rangi ya kucha, ndio, rangi ya kucha nyekundu, akachora mstari mmoja mnyoofu kuanzia kwenye kile kibomba cha kati, ukapita juu ya raba, ukaishia kwenye alumini ya nje. Akaacha ikauke. Nenda kazini siku mbili, rudi utazame. Mstari ukiwa bado mmoja, raba nzima. Ukikuta umekatika, kipande cha ndani kiko huku na cha nje kiko kule, raba inateleza, peleka ibadilishwe au nunua nyingine. Mimi chupa ya rangi ya kucha sasa inakaa kwenye boksi la spana.

Kwa panga lililopinda, inyanyue mashine, hakikisha iko kati sio kwenye gia, chomoa ile kamba nyekundu ya kuzimia na ukiweza chomoa na waya wa plagi, maana ikiwa kwenye gia, kuzungusha propela kwa mkono ni kuzungusha mashine, na vidole havina spea. Shikilia kijiti dhidi ya lile bapa lililo juu ya propela, kigusane na ncha ya panga la kwanza, usikitikise, zungusha polepole uone la pili na la tatu yanagusa pale pale. Lisipogusa au likikwaza, ndio mtetemo wako huo. Mtetemo hauishii kwenye meno ya nahodha, unakula beringi na sili, zile raba za kuzuia maji. Kunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe sikubali, alumini iliyopigwa baridi inapasuka, na hata ikikaa hujui pichi yake tena ni ngapi, namba kwenye kitovu inasema 10 lakini panga moja ni 9 na lingine ni 12.

Na kila unapoivua, angalia nyuma yake. Mishipi. Nailoni inajisokota pale kwenye shafti nyuma ya propela, inayeyuka kwa joto, inakata sili, maji ya chumvi yanaingia kwenye oili ya gia. Ukifungua skrubu ya chini na oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, umeshachelewa kidogo lakini sio sana, badilisha sili leo. Paka grisi kwenye meno ya shafti kabla ya kurudisha, la sivyo baada ya mwaka wa chumvi itang'ang'ania utaivua kwa moto na kilio, rudisha zile ringi za washa zote kwa mpangilio uliozitoa, zipige picha kwa simu kabla, na ile pini ya kukunja weka mpya, usirudishe ya zamani iliyokunjwa mara tatu. Propela nyingi ziko chini ya bahari kwa ajili ya pini ya bei ya andazi.

Jambo lingine mashine ikipiga kelele ghafla na kukosa nguvu kwenye kona au kwenye wimbi, usikimbilie propela, huenda imevuta hewa. Mashine imekaa juu mno. Lile bapa la juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa sakafu ya chini ya boti au chini yake kidogo, na mguu wa mashine ulingane na ubao wa tezi, wa inchi 15 mguu mfupi, wa inchi 20 mguu mrefu. Sisi tulisogeza masanduku mawili kutoka mbele kurudi katikati, tezi ikazama vidole vitatu, tatizo kwenye mawimbi likaisha bila kununua kitu.

Namba zetu nimeziandika kwa maka nyeusi kwenye ubavu wa ndani wa boti, karibu na dumu la petroli: 10, mzigo 4,650, tupu 5,200. Ramadhani iliyopita boti ilikaa majini wiki tatu bila kazi, ilipotoka tena mdogo wangu akapima akaniambia dada 4,300 na mzigo, tununue 9? Nikamwambia kwanza pandisheni chombo mchangani. Maji yalipotoka tukaiona tako lake, majani marefu kama ndevu na vile vikome vidogo vikali vimejaa mpaka kwenye mkuku. Tulikwangua kuanzia saa saba mpaka maji yaliporudi kutugusa miguu, vijana wa jirani wakatusaidia tukawapikia futari. Kesho yake akatoka na mzigo, akanitumia picha ya kile kidude, 4,600 na nukta zake zinacheza cheza kwenda 4,650.